Sweta Lililoganda Japani

Mirdif,
Dubai.
12 Februari 2026

Mpendwa Mama Mdogo Martina,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na goti lako limetulia tangu uanze dawa. Mimi sijambo, ila vidole vimezoea simu, kalamu inanigomea.

Nimeandika kwenye karatasi kwa sababu Milly hataki tena kuzungumza nami kwenye simu, na Wilbard, yule jirani yetu anayefanya kazi ghalani huku, anakuja huko nyumbani keshokutwa na ataibeba. Tafadhali msomee mwanangu yote, hata panaponitia aibu.

Najua mmenikasirikia. Nilimwahidi Milly Krismasi, nikaenda Japani. Wiki mbili kabla ya likizo yangu, Madam aliniambia familia inakwenda kucheza kwenye theluji, na binti yao Shadia, ninayemlea, hawezi kwenda bila mimi. Nilikubali shingo upande. Nikajifungia chooni nikalia, nikanawa uso, nikaanza kupanga masanduku.

Basi mama, theluji ya kule ni laini kama unga wa muhogo uliochekechwa, na ukikanyaga nje ya njia unazama mpaka kiunoni. Watu wazima na akili zao hujifunga skii, yaani mbao mbili ndefu miguuni, wakapandishwa mlimani kwa viti vinavyoning'inia kwenye waya, halafu wakajiachia kuteremka. Wengine hufunga ubao mmoja tu na kuteremka ubavuubavu. Wakifika chini wanapanda tena. Siku nzima kazi ni hiyo.

Shadia alipouona mteremko aling'ang'ania mguu wangu, akasema hajifunzi mpaka Doris naye ajifunze. Madam alinitazama, akasema yalla, yaani haya twende. Nilianguka mpaka mwalimu akachoka kuniinua. Lakini siku ya tatu niliteremka kilima cha watoto mpaka chini nimesimama, huku nikipiga vigelegele Wajapani wakageuka. Nilifurahi, sifichi. Kisha nikamkumbuka Milly, furaha ikaniishia.

Ndani ya koti nilivaa lile sweta la rangi ya damu ya mzee ulilonifumia nilipokuwa nakuja Dubai. Miaka mitatu limekaa chini ya sanduku, na Everlyn, Mkenya wa nyumba ya jirani, hajaacha kunicheka kwamba nimeleta sweta jangwani.

Mkesha wa Krismasi nililifua nikalianika nje roshanini, kama ninavyofanya hapa Mirdif, ambako nguo hukauka kabla sijamaliza kuanika nyingine. Asubuhi nililikuta limeganda, gumu kama ubao, mikono imenyooka pande zote mbili. Shadia alilikalisha kitini mezani, akaliwekea kikombe cha chai. Madam alicheka mpaka akaketi sakafuni.

Kisha akauliza ni nani aliyelifuma. Nikamweleza habari zako, na kwamba uzi uliobaki ulimfumia Milly la kwake. Akauliza Milly ni nani. Miaka mitatu nimelala nyumbani kwake, na hajui jina la mwanangu. Nilimwambia ana miaka saba. Akamtazama Shadia, ambaye naye ana saba. Sweta lilikuwa limeanza kudondosha maji kwenye zulia, nami nikaona nikinyamaza leo, basi tena.

“Madam,” nikasema, “aliniomba Krismasi hii, nikaja huku. Naomba Pasaka iwe yake.”

Akaliondoa sweta kitini. “Khalas, yameisha, Doris. Baada ya Idi utaenda.”

Ahadi za mdomo nimezisikia nyingi, na sikutaka kumdanganya mtoto mara ya pili. Ndiyo maana nimekaa kimya hadi leo. Jana tiketi ilitoka, na pasipoti ninayo mkononi. Nitafika Lushoto Jumatatu tarehe 30 Machi, inshallah, kama tunavyosema wote huku.

Nisalimie Baba Linus, Agneta na kichanga chake, na wanakwaya wote wanaonikumbuka. Mungu awafunike kwa mkono wake mpaka tuonane.

Na wewe Milly mwanangu, nilikuacha una miaka minne, huenda unaijua sura yangu ya kwenye simu tu. Nitashuka kwenye basi nimevaa sweta la bibi yako, hata jua liwake vipi. Kama bado umekasirika, usinisalimie. Wewe vaa tu la kwako, hata kama mikono imekuwa mifupi, usimame mahali nitakapokuona.

Mwanao, na mama yake Milly,
Doris