Kadi za Boksi na Kanga ya Harusi

Jumatatu, 12 Mei
…na bado nasema sitamzoea. Leo tena Yona kaniamsha na chai ya tangawizi. Mume wangu. Naandika "mume wangu" ili niyaone tu maneno yenyewe.

Shuleni furaha juu ya furaha. Nyemo wa darasa la tatu, ambaye hajawahi kusoma, kasoma ukurasa mzima. Mimi mwalimu wa kujitolea tu, lakini nimerudi nyumbani Ipagala natembea kama mwenye shule.

Jumanne, 13 Mei
Nilijidanganya. Leo Nyemo kasoma ukurasa wa mbuzi huku kitabu kimefunguliwa ukurasa wa kisima. Darasa huimba kitabu kwa pamoja, naye kaukariri wimbo. Ijumaa Mwalimu Mkuu atamsikiliza. Akishindwa, anarudishwa darasa la kwanza, akae na mdogo wake.

Nimelia. Yona kanifuta machozi, kisha kakata boksi la sabuni kuwa kadi. Nampenda mpaka naona aibu.

Jumatano, 14 Mei
Na, ya, kwa, leo, huyu. Hayo nimeyaandika kwenye kadi, Nyemo ayajue kwa kutazama tu. Maneno marefu tunayafunika kwa kiganja, tunayafungua kipande kipande: ka, kara, karanga. Anakisia kwa kunitazama usoni. Nimehamia nyuma yake.

Jioni Yona kajifanya mwanafunzi. Kila kadi anasoma "mke wangu."
"Wewe utarudia darasa," nikamwambia.
"Nirudie, ila kwa mwalimu huyuhuyu."

Alhamisi, 15 Mei
Upepo, vumbi. Nilijifunga kanga ya harusi juu ya gauni, ile aliyoichagua Yona. Naandika ubaoni, nikasikia nyuma yangu sauti ya Nyemo, polepole: ni-me-pa-ta wa-ngu… Akakwama. Sikugeuka. Akaanza upya, akafika mwisho: "Nimepata wangu, niacheni nipumzike."

Darasa zima kicheko. "Mwalimu kapata wake." Uso wangu moto. Lakini kanga ile haina wimbo. Kasoma.

Ijumaa, 16 Mei
Mwalimu Mkuu kafungua kitabu, Nyemo kaanza kuimba. Mwalimu Mkuu kakifunga, kampa gazeti. Kisha kiganja cha Nyemo kikashuka juu ya neno la kwanza. Kasoma kama anayevuka korongo, jiwe kwa jiwe, lakini kavuka.

Anabaki la tatu. Yona kapika wali wa kusherehekea. Umeungua. Tumeumaliza.

Jumamosi, 17 Mei
Kumetulia. Yona kasinzia mkekani, kadi ya "huyu" iko kifuani pake. Nimeiweka mimi.

Jana wakati wa kuagana Nyemo alinieleza kuwa bibi yake, kule Mvumi, ana kanga sandukuni aliyopewa na marehemu babu. Hajui imeandikwa nini, na hajataka mtu baki amsomee. Nimemwahidi: kabla Mei haijaisha, mimi na Yona tutampeleka akamsomee.