Udongo wa Kichuguu Usiule Tena

Kisanga, Lubumbashi
Tarehe 9 Juni 2025

Mpendwa mdogo wangu Gaëlle,

Pokea salamu zetu, wewe na shemeji Kasonde. Mnaendeleaje huko Lusaka? Baridi imeshawafikia? Mgongo umepoa? Na mtoto, anacheza tumboni? Hilo la mwisho nijibu kabla ya mengine yote. Huku shemeji yako David anaendelea kufundisha, na mimba yangu imetimiza miezi saba. Ningeandika kwamba sote wazima, lakini naogopa sana, na wewe uongo wangu unaujua tangu utotoni.

Simu yako haipatikani tangu uibiwe, ndiyo maana barua hii nampa Antoine aipitishe mpakani Kasumbalesa kwa lori lake. Gaëlle, ule udongo niliokutumia mwezi wa nne, acha kuula. Acha leo, hata hicho kipande ulicho nacho mkononi. Sasa nikueleze.

Mwezi wa pili walikuja watafiti wa chuo kikuu. Wanapima damu na mkojo wa wajawazito, wajue vumbi la migodi linawafanya nini watoto. Walichukua wanawake mia mbili wanaokaa karibu na viwanda, na mia mbili wa mbali kama sisi, ili wapate wa kulinganisha nao. Unanijua. Nilizunguka mtaa mzima nikijigamba kwamba mimi ni wa upande msafi.

Majibu yalipotoka, damu yangu ilikuwa mbaya kuliko ya wake wa wachimbaji.

Wakamtuma Chancelvie, msichana wao wa kuuliza maswali, mpole, anajua kuongea na watu. Alikuja mara tatu. Aliuliza maji tunateka wapi, sufuria, rangi ya ukuta, mboga, hata nguo za David. Nilimjibu yote. Udongo hakuuliza, na mimi sikusema, maana nani anahesabu udongo kuwa chakula? Mara ya tatu alinikuta nimekaa mlangoni nikitafuna.

«Yaya, njo nini ile unatafuna?» akaniuliza, akiniita dada mkubwa kama uniitavyo wewe.

«Ni bulongo tu,» nikamwambia.

Akaweka kalamu chini, akaniomba kipande aende nacho. Wazee walisema kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nilikuwa nacho mfukoni mwa aproni, siku zote.

Unakijua kile kichuguu cha mwisho wa shamba la marehemu baba, anapochimba udongo huu shangazi yetu, Tante Mwape, akakanda na kukausha juu ya moshi. Chancelvie alinieleza kwamba mchwa hushuka chini sana na kupandisha yaliyoko huko, na katika ardhi yetu yaliyoko huko ni madini, unayajua. Juu yake linaanguka vumbi la kile kiwanda kipya cha ng'ambo ya barabara huko shambani. Wamekuta kobalti humo, na risasi, ile ya betri za magari. Risasi hupita kwa mama ikamfikia mtoto, na inaweza kumdumaza akili.

Nilimuuliza daktari wao kama wangu ameshaumia. Alisema hesabu zao zinasema juu ya wanawake mia nne, juu ya mtoto mmoja hawezi kuapa. Nilimwelewa vizuri, nikalia mbele yake. Mimi sina watoto mia nne. Nina wangu na wako, na wako ni mimi niliyemlisha. Ni mimi niliyekuandikia kwamba kichefuchefu kitaisha ukiutafuna. Nisamehe.

Nenda kliniki, waambie wakupime risasi katika damu, na uwapelekee kipande. Usione aibu kama mimi. Kula mboga za lengalenga na dagaa, kunywa maziwa. Daktari anasema huenda hamu yenyewe inaletwa na upungufu wa damu, basi waulize na hilo. Mimi nimeacha siku sita. Jana nilikishika kipande, nikakinusa, nikakirudisha. Nakwambia ili ujue si rahisi.

Tante hataki kusikia. Alinitazama kama nimemtukana, akasema, «Mama yenu alikulaka, miye nilikulaka, na muko bazima.» Ametulea kwa mikono hiyohiyo inayokanda udongo.

Msalimie shemeji Kasonde, na Mama Mutale jirani yako. David anakukumbuka, Bénie wetu anaulizia mama yake mdogo kila siku. Mungu awafunike wewe na huyo aliye tumboni.

Wako akupendaye na kukuhofia,
Yaya Falonne

Nimeifungua barua tena. Antoine amepita sasa hivi, kumbe Tante ameshampa mfuko mwingine wa udongo akuletee, na Antoine hathubutu kumkatalia mama mzee. Tante ameufunga kwa kile kitambaa changu chekundu, ujue umetoka kwangu. Gaëlle, haukutoka kwangu. Kilichotoka kwangu ni barua hii tu.