Skrini ya Papa Mukendi

Jumamosi, tarehe 15. Mvua asubuhi, jua kali mchana. Miguu imevimba tena.

Kesho baada ya misa Papa Mukendi atapita kuchukua jibu: pesa zake au skrini yake. Aliileta kwa treni kutoka Lubumbashi, imezungushiwa blanketi, akaniachia siku mbili niijaribu. Anasema imetengenezwa kwa ajili ya michezo ya video tu, na picha zake hazichelewi. Anataka dola mia nne.

Ninazo. Nilikuwa naziweka kwa ajili ya mashine ya kushona.

Huu ni mwaka wa tatu tangu nifungue chumba cha michezo karibu na stesheni. Wateja wangu ni madereva wa pikipiki wanaongojea abiria. Treni ikichelewa, chumba kinajaa. Ikipiga honi, wote wanatoka mbio, mechi inabaki katikati, na mimi naokota maganda ya karanga.

Leo nimefanya jaribio kwa utaratibu. Mchezo uleule wa mpira, wachezaji walewale wawili, mechi tano kwenye skrini ya zamani, tano kwenye mpya. Mwamba ndiye bingwa wetu. Mpinzani wake leo, Kalenga, hajawahi kumfunga tangu nifungue mlango huu.

Kwenye ya zamani Mwamba alishinda zote. Kwenye mpya alipoteza nne.

"Mama, hii kintu iko na bongo, inadanganya," alisema, akaweka chini kibonyezeo cha kuchezea.

Kalenga alicheka mpaka akakohoa. "Bongo iko kwako, bwana. Ile ya zamani njo ilikuwa inakubeba."

Nilikaa nikafikiri, kisha nikaelewa. Skrini yangu ya zamani huchelewa kidogo. Unabonyeza, mpira unakwenda baadaye. Mwamba amezoea kubonyeza mapema, na ubingwa wake wote umekaa juu ya kuchelewa huko. Mpya haingojei mtu.

"Turudishie yetu, mama," aliniambia mlangoni, bila utani sasa. "Ile tulizoea."

Treni ilipiga honi wakaondoka.

Nakiri jambo moja. Miaka mitatu sijawahi kucheza hata mara moja. Mchana huu, chumba kikiwa tupu, nilikaa mbele ya skrini mpya nikashika kibonyezeo chenye mafuta ya pikipiki. Nikabonyeza, na mchezaji akapiga palepale. Nikabonyeza tena. Nilifunga bao, mimi, na hakuna aliyeniona.

Kwa hiyo sitajidanganya. Ni kitu kizuri na bei yake ni halali. Mwamba angeizoea ndani ya wiki mbili, na wengine wangekuja kwa sababu yake.

Lakini nikiinunua, itanibidi nikae humu mwaka mwingine, labda miwili, mpaka irudishe pesa yake. Nilipofikia hapo katika hesabu, mwili wangu wote ulisema hapana. Nilishangaa jinsi jibu lilivyokuwa karibu.

Nimechoka na chumba hiki. Sijawahi kuliandika hilo.

Nimeirudisha skrini ndani ya blanketi lake na kuifunga vizuri. Kesho Papa Mukendi akifika nitamkabidhi, nitamshukuru, na kabla hajaaga nitamwuliza kama huko Lubumbashi anaweza kunitafutia mashine ya kushona, ya kukanyaga kwa mguu.