Mstari wa Kwanza

Ipuli, Tabora
4 Machi 2024

Mwanangu Mfaume,

Salamu nyingi. Natumai u mzima huko Mwanza na kifua hakikusumbui tena. Sisi tupo, ila mguu wangu umevimba.

Unajua Mustafa wangu aliondoka mwaka juzi, nilipomfukuza kwa kuuza cherehani ya marehemu baba yake ili anunue kompyuta. Sijui aliko. Simu yangu iliibiwa na laini ikafungwa, hivyo hata yeye hanipati. Kilichobaki ni ile programu yake ya kumbukumbu za mizinga ya nyuki, aliyoiweka kwenye mtandao wenu wa programu za bure. Kila Ijumaa Najiat, binti wa jirani, ananiandikia maoni chini yake, namwomba mwanangu arudi. Ijumaa inayofuata hayapo. Nasikia anayefuta ni wewe. Niachie, mwanangu.

Shangazi yako,
Zuwena

Mwanza
19 Machi 2024

Shikamoo shangazi,

Natumai mguu umepata nafuu. Kifua kimetulia.

Programu ya Mustafa imetelekezwa, haina wa kuitunza. Chini ya programu za namna hiyo tunaacha taarifa za hitilafu tu. Nafanya kwa kujitolea, maoni mia tatu kwa siku, na naona mstari wa kwanza peke yake. Nikikuta salamu, nafuta. Pale si barazani, shangazi. Na Mustafa hapiti pale, kashakusahau.

Mwanao,
Mfaume

Ipuli
10 Mei 2024

Marahaba mwanangu,

Natumai hujambo, na kazi zinaendelea. Mguu bado.

Najiat ananishauri nianze na shida, salamu zifuate. Siwezi. Nyumbani kwangu hakuna aliyeomba hata maji kabla ya kusalimu. Mustafa nilimlea hivyo, na wewe pia ulipokuwa ukija likizo. Nimemwandikia kwamba nimemsamehe. Yaache maneno hayo japo siku moja.

Shangazi yako,
Zuwena

Mwanza
30 Juni 2024

Shikamoo shangazi,

Natumai mko salama wote.

Nimekuzuia kuandika, wenzangu walianza kunicheka. Mwezi huu salamu zilizidi pale, nikafuta zote kwa mkupuo. Mtangaze redioni.

Mwanao,
Mfaume

Kaliua
23 Julai 2024

Mustafa amekufa. Nimekuta kaburi.

Nimeanza na shida ili usome. Alikuwa hapa Kaliua, saa chache tu kwa treni kutoka kwangu, anaumwa ini, amepanga chumba kwa mama mmoja anaitwa Consolatha. Alipofariki ndipo huyo mama akaja Ipuli kunitafuta. Simu ya mwanangu ninayo mkononi, na nakala za alichoandika zimebaki humo. Mwezi wa sita asubuhi moja aliyaona maneno yangu kabla hujayafikia, akajibu hapo hapo chini: "Shikamoo mama. Natumai hujambo, na majirani wote hawajambo. Mimi naumwa, siwezi kusafiri peke yangu. Nipo Kaliua, nifuate." Aliandika mara tatu, na mara tatu ulifuta.

Consolatha anasema baada ya ile ya tatu aliacha kumeza dawa. Aliona maneno yangu na majibu yake yanatoweka pamoja, akadhani anayefuta ni mimi.

Usije kwenye arobaini.

Zuwena