Kwa Baba Yetu, Mwalimu Sijaelewa

Ni mwaka sasa, Baba, tangu ulipoinuka mezani kwenda kuwabandikia wanafunzi wako chai, usirudi. Moyo ulisimama palepale jikoni, maji yakiwa hayajachemka. Hukuugua, hukuaga. Wewe uliyekuwa huendi hata dukani bila kumuaga kila mtu, mpaka paka.

Wengine walikujua kama mwalimu wa tuisheni. Mtaani ulikuwa Mwalimu Sijaelewa, na jina hilo ulilitolea jasho. Mwanafunzi akija na hesabu iliyomshinda, ulimkalisha kwenye kiti chako, ukampa chaki, wewe ukavuta kigoda ukakaa chini ya ubao.

"Haya, mwalimu, nifundishe."

Akianza kubabaisha, ulikuna kichwa. "Hapo sijaelewa. Rudia taratibu, mimi mzito." Alirudia, akakwama, akarudia tena, mpaka akaliona kosa mwenyewe. Ulifurahi kana kwamba wewe ndiye uliyefaulu.

Nasi nyumbani hatukusalimika. Nilikuletea mashairi yangu nikisubiri sifa.

"Mshairi, ubeti wa pili sijaelewa."

"Basi huna sikio, Baba."

"Labda. Nieleze."

Nilieleza kwa hasira, na katikati ya maelezo nikagundua ubeti ule una vina tu, hauna neno. Ulijifanya huoni nikiufuta. Asante.

Asante kwa sare za shule ulizotupigia pasi huku ukiimba vibaya. Asante kwa kumkanda Mama vidole kila jioni, baada ya kusuka vichwa vya watu kutwa nzima, ukimwambia mikono hiyo ndiyo inayotulisha. Hatukuwahi kukuona ukichoka kuwa wetu.

Ulipoondoka, binti wa fundi viatu alikuwa amebakiza majuma machache kurudia mtihani wa hesabu. Mtihani huo ulikuwa umeshamwangusha mara mbili, na baba yake alisema akianguka tena, shule basi. Baada ya msiba binti huyo alisimama mlangoni na kitabu mkononi.

"Mama, nimekuja kurudisha kitabu cha Mwalimu."

Mama alimtazama. Kisha akamwonyesha kiti chako, akavuta kigoda.

"Kaa. Haya, mwalimu, nifundishe."

"Kwani Mama unajua hesabu?"

"Mimi najua kusuka. Nifundishe."

Mama akawa anasema sijaelewa, kama wewe. Tofauti ni kwamba yeye kweli hakuelewa, Baba. Hata chembe. Binti wa watu hakuwa na pa kujificha. Kila jioni alimchambulia milinganyo ile hatua kwa hatua, akafuta, akaanza upya, mpaka siku moja Mama akajipiga paja.

"Kumbe ni kama kugawa nywele. Ukipunguza upande huu, punguza na ule, la sivyo kichwa kinakwenda upogo."

"Ndiyo hivyo, Mama. Ndiyo hivyo hasa."

Wakacheka wote wawili, na kilikuwa kicheko cha kwanza katika sebule hiyo tangu uondoke. Binti alikwenda kwenye mtihani na kichwa cha nywele mawazoni.

Amefaulu, Baba. Fundi viatu alileta matokeo mwenyewe. Alivua kofia mbele ya ubao wako, akaondoka na viatu vya Mama kwenda kuvishona soli.

Sasa wengine wamerudi, na meza imejaa. Juzi nilimsikia Mama akimwambia mtoto mmoja, "Hapo sijaelewa," nikajua anadanganya, kwa sababu alikuna kichwa vilevile ulivyokuwa ukikuna.

Mimi nimeandika haya kwa maneno mepesi, bila vina, ili safari hii usipate pa kuniuliza.

Unakumbukwa na mkeo, msusi wako; mama yako mzazi, ambaye mpaka leo anakuita mtoto; binti yako, kitinda mimba, aliyerithi uimbaji wako, Mungu atusaidie; mimi mwanao; kaka na dada zako, wakwe, majirani, na wote waliowahi kukalia kiti chako wakaitwa walimu.

Asante kwa kuwa wetu. Tutakukumbuka siku zote, na hilo, Baba, halihitaji kurudiwa.