Chai ya Asubuhi ya Kipimo

Njeri, mtoto wa dada,

Nisamehe kwa kukaa miezi miwili bila kukujibu. Watoto ni wazima, mimi nimechoka tu.

Umeuliza kama kile kipimo cha kupuliza pumzi kwenye mfuko kinauma, kwa vile tumbo lako nalo limeanza kuvimba. Hakiumi. Mimi niliumizwa na woga, nikidhani ni kansa kama ya nyanya yako.

Siku ya kipimo hutakiwi kula wala kunywa kitu ila maji tangu usiku. Daktari aliuliza, "Umekula?"

"Sijakula. Nimekunywa chai tu."

"Mama, maziwa na sukari si chakula? Kipimo kimeharibika. Rudi wiki ijayo."

Wiki hiyo nilikuwa nikiwatazama watoto wakila, nalia nikidhani nitawaacha. Niliporudi kupimwa, kumbe ni bakteria waliozidi kwenye utumbo mdogo, na dawa iko.

Nimeshaianza, ila nitumie vidonge vyake vya siku nne zilizobaki za dozi, huku Gilgil nimevikosa, na tarehe yako ya kupimwa.