Wimbo wa usipa kabla haujaingia kwenye kaseti

Alhamisi. Ukungu umekaa juu ya Mbinga tangu asubuhi na kahawa niliyoianika uani haijapata jua. Mimi mwenyewe sina baridi wala joto. Nimekaa tu.

Kosa wanalofanya wengi ni kudhani kwamba demo, yaani rekodi ya majaribio, ni picha ya wimbo. Wanadhani wimbo upo kwanza, umekamilika, kisha kaseti inakuja kuupiga picha. Nimepiga gitaa la besi kwenye bendi miaka mingi na nimefundisha sayansi miaka mingi zaidi, na ninachokijua ni hiki: demo ikishasikilizwa mara mbili, wimbo ndio unaoanza kuifuata demo.

Ninaandika haya kwa sababu ya Desideri, mwimbaji wetu. Tumemzika wiki iliyopita. Sijalia. Watu wananipa pole, ninaitikia, ninamimina chai.

Jumapili mjane wake, Mama Agnes, alikuja kwangu. Anataka siku ya arobaini, watu wakishatoka kanisani na kukaa kula, wajukuu wamsikie babu yao akiimba wimbo aliomtungia mama yake, mwanamke wa Liuli aliyekuwa akianika usipa, wale dagaa wa Ziwa Nyasa, mchangani na kuwageuza kwa mkono, taratibu, siku nzima. Nikamwekea kaseti yetu. Ndiyo pekee iliyobaki. Hakusubiri hata ubeti wa pili.

"Siyo huo, Mwalimu. Huo ni wenu wa dansini. Mimi nataka ule wa jikoni."

"Ni huo huo, shemeji."

"Huo huo wapi! Huo unakimbia kama mwizi wa kuku. Usipa gani wanageuzwa hivyo?"

Nilitaka kucheka. Kicheko hakikutoka.

Ana haki. Wimbo ulikuwa wa polepole, na sauti ya Desideri ilikuwa nzito, ya chini. Nililijua hilo, lakini kila nikijaribu kuukumbuka ulivyokuwa, kaseti inaingia kichwani na kuufunika. Nilimpigia simu Alanus, mpiga ngoma wetu, aliyehamia Songea. Akaniambia, "Mwalimu, wimbo ndio huo wa kwenye kaseti. Mengine mnaota." Basi tumebaki wawili, mimi na Mama Agnes, wenye uhakika kwamba kulikuwa na wimbo mwingine, na hakuna kati yetu anayeweza kuuimba.

Nieleze ilivyokuwa.

Zamani bendi yetu ilikuwa ya chama cha ushirika. Kila wimbo tuliutengenezea ukumbini. Leo tunauonja, watu wakikaa tunaubadilisha, wakiinuka tunauacha ulivyo. Kisha ikaja biashara huria, wanunuzi binafsi wa kahawa wakaingia na malori yao, ushirika ukapungukiwa nguvu, na bendi ikabaki haina mwenyewe. Mwenye hoteli mmoja wa Songea akatuma ujumbe: anataka kaseti kwanza, ndipo atuite.

Bwana Sefu, muuza duka ambaye wazee wake walitoka Kilwa, alikuwa na redio kaseti kubwa ya kwanza mtaani. Akatuazima, akatupa na ghala lake turekodie katikati ya magunia. Betri mpya alitunyima. "Za kuuza hizo, si za kuchezea." Tukakusanya zilizochoka, tukazianika juani kando ya kahawa yake ili zipate nguvu kidogo, tukapiga.

Sasa, betri zikichoka, mashine inavuta utepe polepole. Wimbo wote unabanwa kwenye utepe mfupi kuliko ulivyostahili. Ukiupiga baadaye kwa betri zenye nguvu, utepe unakwenda mwendo wake wa kawaida, na wimbo unatoka mbio, na sauti inapanda. Ndivyo ilivyotokea. Bwana Sefu alipoweka betri mpya ili ajisikilizie, Desideri alishika kiuno akacheka.

"Huyo si mimi. Huyo ni mdogo wangu, na ana haraka ya kwenda chooni."

Mwenye hoteli akaupenda. Akasema waje hao hao walio kwenye kaseti. Tungefanya nini? Tulikaa ghalani tukajifunza kuwa wao. Desideri alipandisha sauti mpaka mishipa ya shingo ikamtoka, na hakuishusha tena. Nyimbo zilizofuata tulizitunga kwa mbio hizo tangu mwanzo. Tulifupisha na vianzio vya nyimbo, kwa kuwa mwenye hoteli alisikiliza mwanzo tu. Besi yangu haikusikika kabisa kwenye redio ile, kwa hiyo ikapewa kazi ndogo. Hakuna aliyeamua haya kikaoni. Kaseti iliamua.

Nyumbani tu, nadhani, Desideri aliendelea kuwa yule wa kwanza, akiimba huku akimenya mihogo na mkewe.

Tangu Jumapili ninaipiga kaseti kila siku. Ninamsikiliza rafiki yangu akikimbia na sihisi kitu. Redio yangu ilikwishapoteza waya wa umeme, inatumia betri. Leo asubuhi katikati ya wimbo ikaanza kulegea. Nikaizima, kama mtu yeyote angefanya, nikavaa koti nikaenda dukani kununua betri nyingine.

Nilikuwa nimefika kwenye mlango wangu, nimezishika mkononi, ndipo miguu iliposimama.

Nimeikaribia redio mara mbili tangu hapo, nikarudi kukaa. Sijui kama betri za zamani zilizomo ndani yake zimechoka kiasi kile kile cha zile za ghalani. Huenda zikavuta utepe polepole mno, Desideri akasikika kama mlevi. Huenda zikafa kabla ya ubeti wa kwanza. Lakini kama mwendo utakaribiana tu na ule wa ghalani, basi yule mwanamke wa Liuli atageuza usipa wake kwa mkono, taratibu, na mwanawe atakuwa na sauti yake mwenyewe. Ninaogopa kuibonyeza. Ni kitu cha kwanza ninachokihisi tangu mazishi.

Betri mpya ziko mezani, bado zimo kwenye karatasi yake.

Usizifungue, Mwalimu. Mwite Mama Agnes leo hii, mpe kiti karibu na redio, kisha bonyeza.